Mbwa wetu anawaswaga watoto kama ng'ombe

Shangazi, shikamoo.

Naandika hii usiku, watoto wamelala, na Madoa amejilaza mlangoni, kidevu juu ya kiatu changu, jicho moja wazi. Ukimwona hivi huwezi kuamini kwamba mchana wa leo nimelia kwa ajili yake.

Madoa ni mbwa jike wa miezi 14, mbwa wa ng'ombe wa Australia, wale ambao wengi huwaita Blue Heeler. Tulimchukua akiwa na wiki 8. Tuliipenda rangi yake ya kijivu iliyonyunyiziwa madoa, na aliyetupa alisema ni mbwa mwenye akili sana. Hakudanganya. Kukaa, kulala na kutoa mguu alijifunza kwa siku chache. Kufungua komeo la lango alijifunza mwenyewe, kwa kututazama.

Shida zilianza alipofikisha kama miezi 8. Wanangu, mmoja ana miaka 9 na mwingine 6, wakikimbia uani yeye huwazunguka kwa nyuma, anainamisha kichwa, kisha anawabana visigino kwa meno. Mwanzoni tulicheka. Wiki iliyopita yule mdogo alikimbilia langoni, Madoa akamkata njia, akazunguka nyuma yake na kumng'ata kisigino mpaka ngozi ikachubuka na damu ikatoka. Mtoto sasa hatoki chumba kimoja kwenda kingine bila kuniita nimsindikize.

Kila ninayemuuliza ananiambia nimchoshe. Nimejaribu. Asubuhi natembea naye saa nzima, jioni namrushia mpira mpaka bega linauma. Anayechoka ni mimi. Yeye akiingia ndani anazunguka meza huku anahema, anauleta mpira na kuuweka mapajani mwangu, tena na tena. Nikiuficha, analeta kiatu.

Na kuitika sasa! Nikisema "Madoa, njoo," anasimama. Anageuza kichwa kulia, kisha kushoto, mwishowe ananitazama kama mtu anayepima maneno, halafu anaendelea na safari yake. Mara nyingi namwita kwa kuwa nataka kumfungia ndani kabla watoto hawajatoka kucheza, na huo ndio wakati ambao haji kabisa. Baiskeli ikipita nje ya uzio, hata nikiita mpaka sauti ikauke, hanioni wala hanisikii.

Mume wangu amechoka. Anasema mbwa ni mkaidi na mimi namdekeza, kwa hiyo ama afungwe mnyororo mchana kutwa ama atafutiwe watu wengine. Juzi alimchapa kwa kiatu. Madoa hakulia wala hakukimbia, alimtazama tu. Tangu siku hiyo mume wangu akiinama kuvaa viatu, mbwa anatoka chumbani.

Niambie ukweli, shangazi. Nimeshindwa kumlea? Mbwa wa namna hii anafundishika, au nimtoe kabla hajamuumiza mtoto zaidi?

Mama wa Wawili

—

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kisigino cha mtoto, maana hicho hakisubiri. Jino la mbwa likichubua ngozi, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kama hukumpeleka, mpeleke kesho asubuhi, na kadi ya chanjo ya Madoa uwe nayo mkononi. Na kuanzia sasa watoto na mbwa wasibaki peke yao uani hata kwa dakika moja ya wewe kuingia ndani kuchukua kitu. Watoto wakicheza mbio, Madoa awe nyuma ya mlango au kwenye kamba mkononi mwa mtu mzima. Lango nalo litiwe kufuli.

Sasa tuzungumze kuhusu Madoa mwenyewe.

Niliwahi kusimama kwenye uzio wa zizi nikimtazama mbwa wa aina yake akiwa kazini. Ng'ombe mmoja aligoma kuingia. Mbwa akamwendea kwa nyuma, tumbo karibu liguse nyasi, akamng'ata chini kabisa, juu kidogo ya ukwato, kwenye mguu uliokuwa umebeba uzito. Mguu wenye uzito hauwezi kupiga teke papo hapo. Ng'ombe alipouhamisha uzito na kurusha teke, mbwa alikuwa amekwisha kujibandika ardhini, na ukwato ukapita juu ya masikio yake. Kufumba na kufumbua, ng'ombe yuko zizini. Mwenye mali alikuwa upande wa pili na hakutamka neno. Ni nani angemwambia mbwa yule achague mguu upi? Angesubiri kuambiwa, angepasuliwa kichwa.

Kwa hiyo unaposema Madoa anakutazama kama anayepima maneno, mimi nakuamini. Kupima ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Katika karne ya 19, huko New South Wales, mfugaji aliyeitwa Thomas Hall aliwachanganya mbwa wa kuswaga ng'ombe walioletwa kutoka kaskazini mwa Uingereza na dingo, mbwa wa porini wa Australia. Ng'ombe wenyewe walikuwa nusu mwitu, na safari za kuwapeleka sokoni zilikuwa ndefu na za jua kali. Hall alipofariki mwaka 1870 mbwa wake wakasambaa kwa wafugaji wengine, na humo ndimo kilimotoka kizazi cha Madoa. Ndugu yake wa mbali, Border Collie, humsogeza kondoo kwa kumkazia macho. Ng'ombe mkaidi hasogezwi kwa macho, ndiyo maana Madoa amerithi meno.

Mtoto wako alipokimbilia langoni, Madoa aliona ndama anayetoroka kundini. Alifanya kilekile ambacho babu zake walichaguliwa kwa ajili yake: akazunguka, akainama, akang'ata chini. Hapo hakukuwa na hasira. Simtetei, jino ni jino na mwanao ameumia. Nakueleza hili kwa sababu dawa ya hasira ni nyingine kabisa, na ukimtibu Madoa ugonjwa asiokuwa nao utampatia ugonjwa mwingine.

Waliokuambia umchoshe walikupa nusu ya dawa, na nusu hiyo ikitumika peke yake inadhuru. Fikiria unachofanya kila jioni. Unarusha mpira, anaufukuza, anaukamata, unarusha tena. Hiyo ni mbio isiyo na mwisho. Moyo unadunda, damu inachemka, na kesho yake mwili umezoea na unadai zaidi. Umemtengenezea mapafu ya mkimbiaji huku kichwa chake kikibaki mbioni hata miguu iliposimama. Ndiyo maana anazunguka meza. Mbwa mzima huhitaji kama saa 12 hadi 14 za usingizi kwa siku, na kwa maelezo yako Madoa hapati hata karibu ya hizo.

Kuna jambo ambalo watazamaji wa mbwa wachungaji hawalioni kwa sababu halina mbwembwe. Mbwa mzuri wa kazi hupitisha sehemu kubwa ya siku amelala chini ya kivuli. Anaweza kulala kwa sababu lipo neno linalomwambia kazi imekwisha. Wachungaji wa kondoo wana kauli yao maalumu, na mbwa akiisikia anawaacha kondoo hapohapo, hata kama roho inamuuma, anarudi miguuni mwa bwana wake. Sisi tunalo neno fupi na zuri kuliko lao: "Basi." Madoa hajawahi kufundishwa neno hilo. Nyumbani kwako hakuna anayetangaza kazi kuanza wala kazi kwisha, kwa hiyo ameyabeba yote mawili yeye, mchana na usiku, na nakuambia ni mzigo mzito. Hata sasa hivi, kidevu juu ya kiatu chako na jicho moja wazi, yuko zamu.

Basi mfundishe hilo kwanza, kabla ya chochote kingine. Mpira uondoe kabisa kwa mwezi mzima. Usiuache hata pale anapoweza kuunusa. Jioni mvishe kamba, cheza naye mchezo wa kuvutana kitambaa kwa dakika mbili tu, kisha sema "Basi" mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kitambaa kiingie kabatini. Keti, kanyaga kamba ukimwachia nafasi ya kutosha kulala, na umtandikie mkeka wake karibu yako. Atalia. Atakuletea kiatu, atakugusa kwa pua, atakutazama kwa macho ya kukusuta. Usiseme naye neno. Akilala, dondosha kipande kidogo cha nyama katikati ya miguu yake ya mbele. Akiendelea kulala, kingine, polepole, bila kumsifu, maana sifa zitamwamsha.

Mtazame kiuno. Mbwa akilala amenyoosha mwili sawasawa, miguu ya nyuma imekunjwa chini yake kama chemchemi, huyo hajapumzika, anasubiri ishara. Siku atakapokilaza kiuno upande mmoja, mguu wa nyuma ukajinyoosha pembeni, na pumzi ndefu ikamtoka puani, ujue amekusikia. Siku ya kwanza inaweza kuchukua dakika 20, na siku tatu nne za mwanzo atakuwa msumbufu kuliko kawaida. Usitishike ukarudi kwenye mpira.

Matembezi ya asubuhi endelea nayo, ila yabadilishe. Mwache anuse. Mbwa anayenusa kichaka kimoja kwa dakika tano anafanya kazi ya kichwa, na hiyo humtuliza kuliko kukokotwa saa nzima. Sehemu ya chakula chake itawanye kwenye majani aitafute kwa pua. Akishalielewa neno la kukoma, mpe kitu cha kuswaga: mpira ule mkubwa wa mazoezi, mkubwa kiasi kwamba hawezi kuufumbata mdomoni. Mfundishe kuusukuma kwa pua na kuuleta kwako. Huko Ujerumani wameufanya mchezo kamili, mbwa anasukuma mipira mmoja mmoja mpaka golini kwa maelekezo ya mtu. Wewe huhitaji goli. Unahitaji yeye aanze kwa neno lako na aache kwa neno lako.

Sasa kuhusu kuitika. Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoisoma mara tatu: anasimama, anageuza kichwa kulia, kisha kushoto. Mwanangu, peleka masikio ya mbwa huyu yakapimwe.

Mbwa hawa huzaliwa weupe, na madoa hujitokeza wanavyokua. Wapo miongoni mwao wanaozaliwa na urithi wa uziwi wa sikio moja au yote mawili, na uziwi huo unahusiana na rangi: chembe za rangi zinahitajika pia ndani kabisa ya sikio, na zikikosekana, chembe za kusikia hufa katika wiki za mwanzo za uhai. Kiziwi wa masikio yote hugundulika mapema. Wa sikio moja anaweza kuishi miaka bila mtu kujua, kwa sababu anasikia. Anachokosa ni kujua sauti inatoka upande gani. Unamwita, anasimama, anatafuta kulia na kushoto, na wewe unasema ni mkaidi. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa hakutakupa jibu la uhakika. Muulize daktari wa mifugo kuhusu kipimo ambacho huweka vijisindano vyembamba chini ya ngozi ya kichwa na kusoma kama neva za kila sikio zinajibu sauti. Usikae kusubiri majibu: tangu leo, kila unapomwita, inua mkono mmoja juu kabisa. Kama ni mzima wa masikio, hujapoteza kitu.

Masikio yakiwa mazima, bado lipo kosa moja, na hilo ni letu sisi watu. Umesema unamwita ili umfungie ndani. Kwa Madoa, "njoo" sasa maana yake ni "furaha imekwisha". Neno hilo limeungua, liache. Chukua filimbi, au neno jipya, na kwa wiki mbili litumie nyumbani tu, akiwa hatua tatu kutoka kwako, na kila akifika apate kitu kitamu kisha umwachie arudi alikokuwa. Huko kurudi ndiko kunakomfundisha. Mbwa wa akili kama yake akigundua kwamba kuja kwako hakumgharimu uhuru, hesabu yake inabadilika. Nje mtumie kamba ndefu ya mita 10, wala usimwite mara ambayo huna njia ya kuhakikisha anafika. Ukitaka kumfungia, mfuate mwenyewe umvishe kamba kimya. Baiskeli uziache mpaka mwisho, na kwa sasa asikae peke yake kwenye uzio, kwa sababu kila baiskeli inayopita humwonyesha kwamba amefaulu kuifukuza.

Miezi 8 uliyoitaja nayo haikunishangaza. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu mbwa wa umri huo na wakaona kwamba hupunguza utii hasa kwa yule anayewalea, ilhali kwa mgeni wanatii amri ileile. Ni ujana, na baada ya hapo utii ulirejea. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umeshindwa kulea. Ulikuwa unalea kijana.

Watoto nao wafundishe kuwa mti: akija nyuma yao, wanasimama, mikono kifuani, macho juu, kimya. Kisigino kisichokwenda hakina utamu. Hilo wajifunze kwanza na wewe tu, bila mbwa. Madoa akishalijua "Basi" vizuri ndani ya nyumba, mlete uani kwenye kamba, yule mkubwa apite mbele yake kwa mwendo wa kawaida. "Basi," kipande cha nyama. Akipita mara tano bila Madoa kuinamisha kichwa, aende mwendo wa haraka kidogo. Kichwa kikishuka chini ya mabega, umekwenda kasi mno, rudi nyuma. Ni kazi ya wiki nyingi, na yule mdogo asiingizwe kabisa mpaka aseme mwenyewe anataka. Hofu yake ina haki ndani ya nyumba yake.

Naomba barua hii mume wako aisome, na hapa nazungumza naye. Baba, uchovu wako naujua na hasira ya mtoto kuumia ni ya haki. Lakini mbwa huyu ameumbwa kustahimili teke la ng'ombe na kurudi kazini. Kiatu hakikumuuma kiasi cha kumbadilisha. Kilichobaki kwake ni kwamba wewe si wa kuaminika, na kesho mtoto akipita kati yenu yeye akiwa na wasiwasi, hapo ndipo utakapoona kung'ata kwa hofu, ambako ni kubaya kuliko huku. Mnyororo nao unamnyima kila kitu isipokuwa kutazama, na mbwa wa kuswaga anayetazama watoto wakikimbia mchana kutwa bila kuwafikia huwa kama sufuria lililofunikwa juu ya moto.

Kumtoa? Ukweli uliouomba ni huu: zipo nyumba zisizomfaa mbwa huyu, na kumpeleka kwa mtu mwenye mifugo au mwenye muda na uzoefu wa mbwa wa kazi si kumtupa. Ningekuambia umtoe leo kama angekuwa anang'ata mtu aliyetulia, au ananguruma juu ya chakula watoto wakipita, au kama ninyi wawili hamuwezi kumtenganisha na watoto kila wakati mnapokosa jicho la kuwatazama. Akimng'ata mtoto tena wakati mnafuata haya, usisubiri ya tatu. Mwite mtaalamu wa tabia za mbwa nyumbani, na uamuzi uwe wa haraka. Lakini kwa niliyoyasoma, nyumba yenu bado haijamjaribu mbwa huyu kwa namna anayoielewa, na mimi ningempa wiki nane.

Lile zoezi la jioni, la mkeka na vipande vya nyama, alifanye mume wako. Aanze bila viatu miguuni, ameketi sakafuni, kamba chini ya paja, bila kumwita wala kumtazama usoni. Usiku wa kwanza Madoa atakwenda mwisho wa kamba na kumpa mgongo. Kipande kidondoshwe hukohuko aliko.